Jarida likijirejelea kwa asilimia 35, kipimo chake cha athari bado kinasema kitu?

Mswada wa Tatu ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba jambo hili tulijadili kwa hesabu. Lawama kuhusu majarida yanayojipigia debe zipo tele, lakini mhariri anayetaka kujua kama jarida lake limevuka mpaka hapati pa kushika.

Tuchukue jarida dogo la fani moja, liko kwenye Journal Citation Reports (JCR), ripoti ya kila mwaka ya kampuni ya Clarivate inayotoa vipimo vya majarida. Mwaka 2022 lilichapisha makala 38, mwaka 2023 makala 42. Mwaka 2024 makala hizo zilirejelewa mara 120, na kati ya hizo mara 42 ni jarida lenyewe likijirejelea. Hiyo ni asilimia 35.

Ninachotaka kujua:

1. Asilimia 35 ni kosa? Kuna mpaka ulioandikwa mahali?
2. Mtu asiye na usajili wa kulipia anaweza kuikokotoa mwenyewe?
3. Vipimo vingine vya majarida, yaani CiteScore, SJR na Eigenfactor, huyashughulikiaje marejeleo haya ya ndani?
4. Mwandishi akiandikiwa "ongeza marejeleo kutoka kwenye jarida letu", bila kutajiwa makala hata moja, ajibu nini bila kuuhatarisha mswada wake?

---

Kiasi na Asili amejibu:

Mkuu, tuanze na hesabu yenyewe, maana nusu ya ubishi huzaliwa hapo.

Kipimo cha athari, ambacho wengi tunakiita impakti fakta, ni sehemu ya kawaida ya hesabu. Cha mwaka 2024, kiasi (namba ya juu) ni marejeleo yote ya mwaka 2024 yanayokwenda kwa *chochote* ambacho jarida lilichapisha 2022 na 2023. Asili (namba ya chini) ni makala za utafiti na za mapitio *pekee* za miaka hiyo miwili. Tahariri, barua na habari fupi hazihesabiwi chini, lakini zikirejelewa huhesabiwa juu. Ndiyo maana kubishana kuhusu kipi ni "makala" na kipi siyo kuna faida kubwa: mwaka 2006 wahariri wa PLoS Medicine walieleza kwamba, kutegemea aina zipi za maandishi zingeingizwa kwenye asili, namba yao ingeweza kuwa chini ya 3 au kufika 11. Jarida ni lile lile na wasomaji ni wale wale.

Kwenye mfano wako, 120 ÷ 80 = 1.5. Ukiondoa marejeleo ya ndani, 78 ÷ 80 = 0.975, na kwa kuwa tangu toleo la 2023 JCR hutoa desimali moja tu, itasomeka 1.0. Namba zote mbili zimo ndani ya JCR. Tatizo ni kwamba kwenye ukurasa wa mwanzo wa jarida huwekwa ile ya juu peke yake.

Je, 35 ni kosa? Hakuna asilimia moja inayokata fani zote. Clarivate huangalia marejeleo ya ndani ni sehemu gani ya kiasi, na jarida linahama nafasi ngapi kwenye fani yake yakiondolewa. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala na marejeleo yake, inapochagua majarida ya kukaguliwa upya, ina kigezo cha kujirejelea mara mbili ya wastani wa fani au zaidi. Ukitaka picha ya jumla, uchambuzi wa JCR ya sayansi ya 2002 ulikuta asilimia 82 ya majarida yako kwenye 20 au chini. Kwa hiyo 35 inakutoa kwenye kundi kubwa. Bado haijakuhukumu.

Sasa angalia namba ambazo hukuzitaja. Asilimia ya kujirejelea siyo moja, ni tatu, na watu huzichanganya kila siku:

– ndani ya dirisha, yaani ile miaka miwili inayohesabiwa (2022 na 2023): 42 kati ya 120;
– kati ya marejeleo yote ambayo jarida *limepokea* mwaka huo, kwa makala za miaka yote;
– kati ya marejeleo yote ambayo jarida *limetoa* kwenye orodha za marejeo za makala zake.

Tuseme mwaka 2024 jarida limechapisha makala 40, kila moja ikiwa na marejeleo 35 hivi, jumla 1,400. Na tuseme majarida mengine yamelirejelea mara 520 kwa miaka yote, 78 kati ya hizo zikiwa za dirisha. Hizo tuziache zilivyo, tubadilishe kitu kimoja tu.

Hali ya kwanza: jarida limejirejelea mara 60 kwa miaka yote, 42 zikiangukia kwenye dirisha. Asilimia ya yaliyopokewa ni 60 kati ya 580, yaani 10. Ya yaliyotolewa ni 60 kati ya 1,400, yaani 4. Mtu akiziona hizo mbili atasema jarida ni safi kama pamba.

Hali ya pili: limejirejelea mara 210 kwa miaka yote, na 42 zile zile zikiwa za dirisha. Yaliyopokewa ni 210 kati ya 730, karibu asilimia 29. Yaliyotolewa ni asilimia 15. Hapa watu watapiga kelele.

Lakini mimi nikiwa mkaguzi, nitaanza na jarida la hali ya kwanza. Majarida mengine yanapolirejelea, asilimia 15 tu ya marejeleo yao (78 kati ya 520) huangukia 2022 na 2023, maana fani hiyo inasoma makala za zamani. Lenyewe linapojirejelea, asilimia 70 (42 kati ya 60) inaangukia kwenye miaka hiyo hiyo miwili inayohesabiwa. Mwandishi anayetafuta chanzo cha hoja yake hachagui miaka namna hiyo. Anayeichagua ni mtu mwenye kalenda ya JCR mezani. Katika hali ya pili ni 42 kati ya 210, asilimia 20, jirani kabisa na tabia ya wengine. Hilo ni jarida linalotawala fani nyembamba, linajirejelea kwa sababu kazi za fani zimo humo.

Kwa hiyo usiulize tu jarida limejirejelea mara ngapi. Uliza yale ya ndani yameangukia miaka ipi, kisha linganisha na ya nje.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa asili. Ikiwa 80, rejeleo moja ni 0.0125, na manane yanakupa 0.1, yaani tofauti inayoonekana kwenye namba iliyochapishwa. Tahariri moja inayotaja makala 40 za miaka miwili iliyopita inaongeza 0.5, na yenyewe haiongezi hata moja chini. Hilo limewahi kufanywa waziwazi: mwaka 2007 jarida la Folia Phoniatrica et Logopaedica lilichapisha tahariri iliyorejelea makala zake zote za 2005 na 2006, kwa makusudi, kupinga jinsi kipimo hiki kinavyotumiwa. Kikapanda kutoka 0.66 hadi 1.44. Jarida likakosekana kwenye JCR ya 2008 na ya 2009.

---

Mtaksonomia amejibu:

Nakubaliana na Kiasi na Asili kuhusu dirisha, ila nataka hali ya pili isipitwe haraka, maana ndiyo inayoumiza watu wasio na hatia.

Kwenye taksonomia, yaani fani ya kuainisha viumbe, spishi mpya lazima ilinganishwe na zilizoelezwa kabla. Kama maelezo hayo yote yalichapishwa kwenye jarida moja, utamrejelea nani mwingine? Juni 2020 Clarivate iliyanyima namba majarida 33, Zootaxa likiwemo, kwa sababu ya kujirejelea kupita kiasi. Zootaxa ni jarida kubwa mno kwa maelezo ya spishi mpya za wanyama. Wanataksonomia wakalalamika, na muda mfupi baadaye uamuzi huo ukabatilishwa, pamoja na wa jarida jingine la fani jirani linalobeba majina rasmi ya bakteria. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa alikuwa anacheza kwao kwa sababu uwanja ni mmoja.

Halafu kuna upande ambao asilimia ya kujirejelea haiuoni kabisa: majarida mawili au matatu kukubaliana kurejeleana. La kwanza linachapisha makala ya mapitio yenye marejeleo mia moja na zaidi kwenda kwa la pili, yote ya miaka miwili iliyopita. Mwaka unaofuata la pili linalipa. Kujirejelea kwa kila moja kunabaki asilimia 5, mikono safi. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazili yalikuwa miongoni mwa yaliyonyimwa namba kwa kurundikiana hivyo. Kinachowafichua ni kile kile, yaani marejeleo mengi kutoka chanzo kimoja, yote yakilenga dirisha. Fungua jedwali la JCR la majarida yanayolirejelea jarida lako, lililogawanywa kwa miaka, usome mistari ya juu mitano. Mstari ambao karibu namba zake zote ziko kwenye nguzo mbili za dirisha na miaka mingine ni sifuri, huo ufuatilie hadi kwenye makala yenyewe. Mara nyingi utakuta ni makala moja au mbili tu, na mwandishi wake yumo kwenye bodi ya jarida lililonufaika.

Na kwa wanaosema dawa ni kuondoa marejeleo ya ndani tu: Acta Crystallographica sehemu A ilitoka 2.051 mwaka 2008 hadi 49.926 mwaka 2009, ikazipita Nature na Science. Sababu ni makala moja ya 2008 kuhusu programu za SHELX, ambayo watu wa kristalografia (sayansi ya miundo ya fuwele) huirejelea kila wanapozitumia. Makala iliyoifuata kwa kurejelewa mwaka huo haikufika marejeleo 30. Hapo hakuna hila yoyote, ni wastani tu ukivutwa na kitu kimoja kirefu.

---

Jedwali amejibu:

Maswali ya 2 na 3.

Bila kulipa, tumia OpenAlex, hifadhidata huria ya kazi za kitaalamu. Ipo tangu 2022, na sehemu kubwa ya data yake inatoka Crossref, shirika ambako wachapishaji husajili makala zao, na ambako tangu katikati ya 2022 marejeleo yote yanayowekwa na wachapishaji yako wazi. Kwa jarida la makala 40 kwa mwaka ni kazi ya saa moja:

Tafuta jarida kwa ISSN yake (namba yake ya utambulisho), chukua kitambulisho chake kinachoanza na herufi S. Pakua kazi zake za 2022 na 2023, ukichagua aina mbili tu, makala na mapitio. Hesabu mistari, hiyo ndiyo asili yako. Usiamini aina zilizoandikwa bila kuzipitia kwa macho, kwa sababu tahariri nyingi zimeandikwa kuwa makala. Kisha pakua *kila kitu* cha miaka hiyo, tahariri ikiwemo, na kwenye sehemu ya counts_by_year (idadi ya marejeleo kwa kila mwaka) jumlisha marejeleo ya 2024. Hicho ni kiasi.

Kwa marejeleo ya ndani, pakua kazi zote za jarida za 2024 pamoja na sehemu ya referenced_works, ambayo ni orodha ya vitambulisho vya kazi zilizorejelewa. Weka vitambulisho vya 2022 na 2023 kwenye safu moja ya lahajedwali, vya referenced_works kwenye safu nyingine, hesabu vinavyokutana. Ukifanya hivyo kwa kazi za miaka yote ya jarida, unapata pia ule ulinganisho wa dirisha alioueleza Kiasi na Asili.

Namba yako haitalingana na ya JCR, na usihangaike kuilazimisha. Kuna sababu tatu za kawaida. OpenAlex inasoma vyanzo vingi zaidi, kwa hiyo kiasi huelekea kuwa kikubwa. JCR hujumlisha kwa jina la jarida na mwaka, hivyo rejeleo lenye ukurasa uliokosewa linaweza kuhesabiwa huko huku OpenAlex ikishindwa kuliunganisha. Na ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi: mchapishaji asiyepeleka orodha za marejeo Crossref. Kama jarida lenyewe haliwasilishi, kujirejelea kwake kunaweza kutoka sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote. Kabla ya kuamini matokeo, fungua makala tano za 2024 kwenye PDF, hesabu marejeleo kwa mkono, linganisha na urefu wa referenced_works. Zikipungua kwa zaidi ya moja ya kumi, acha, tafuta chanzo kingine.

Kuhusu vipimo vingine:

Eigenfactor (Bergstrom na West, Chuo Kikuu cha Washington, 2007) huondoa kabisa marejeleo ya ndani ya jarida, hutumia dirisha la miaka mitano, na rejeleo kutoka jarida linalorejelewa sana lina uzito zaidi. Namba yake hukua na ukubwa wa jarida. Ukitaka ya kulinganisha kwa makala, soma Article Influence, ambayo wastani wake ni 1.

SJR ya SCImago hutumia miaka mitatu, nayo hupima uzito wa anayerejelea. Kujirejelea hakuondolewi, kunawekewa kikomo cha theluthi moja.

CiteScore ya Scopus haiondoi chochote. Tangu 2020 inahesabu miaka minne: marejeleo ya miaka minne kwenda kwa makala, mapitio, maandiko ya mikutano, sura za vitabu na makala za data za miaka hiyo hiyo minne, kisha inagawa kwa idadi yao. Kwa kuwa mwaka wa kurejelea nao umo ndani ya dirisha, jarida linalojirejelea haraka hufaidika haraka.

SNIP ya CWTS, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Leiden, hurekebisha kwa tabia ya fani ya kurejelea. Kilicho na faida kwetu ni kwamba tovuti ya CWTS Journal Indicators ni ya bure na kando ya SNIP inaonyesha asilimia ya kujirejelea ya kila jarida. Kama huna saa ya OpenAlex, anzia hapo.

---

Barua kwa Mhariri amejibu:

Swali la 4 ndilo linalowakosesha usingizi waandishi wachanga, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, tenganisha aina mbili za ombi. "Hujataja kazi ya 2021 iliyotumia njia hii hii na ikapata matokeo tofauti" ni ombi halali, hata kama kazi hiyo iko kwenye jarida lao, hata kama mhakiki ndiye aliyeiandika. Limetaja kazi na limetaja pengo kwenye hoja yako. "Ongeza marejeleo matatu hadi matano kutoka kwenye jarida letu la miaka miwili iliyopita" halina pengo lolote. Lina kalenda. Wilhite na Fong waliuliza watafiti wa uchumi, sosholojia, saikolojia na biashara, wakachapisha matokeo kwenye Science mwaka 2012: katika majibu 6,672, mmoja kwa watano hivi alisema amewahi kulazimishwa namna hiyo na mhariri. Kwa hiyo usijione umeonewa peke yako.

Kama ombi limetoka kwa mhakiki, kumbuka mhariri huenda hakulisoma kwa makini. Tafuta kweli kwenye jarida, nusu saa inatosha. Ukikuta kazi inayohusiana, irejelee pale inapofanya kazi, kwenye sentensi inayoihitaji. Usijaze mafungu ya "tazama pia" kwenye utangulizi. Hayo msomaji anayaona kutoka mbali. Kisha kwenye barua ya majibu andika kwa adabu na kwa ukamilifu:

"Tumepitia makala za jarida zinazohusu mada hii. Moja inahusiana moja kwa moja na njia yetu na tumeirejelea katika sehemu ya mbinu. Nyingine hazigusi swali la utafiti huu, hivyo hatukuziongeza. Iwapo mhakiki ana kazi mahususi anayoona imekosekana, tutaisoma kwa furaha."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngao. Inamrudishia mzigo wa kutaja kazi na sababu, na ombi tupu mara nyingi huishia hapo.

Kama limetoka kwa mhariri mwenyewe, jibu lile lile kwanza. Akilirudia kama sharti la kukubaliwa, unaweza kuuondoa mswada, au kumwandikia mhariri mkuu au mchapishaji ukiambatisha barua husika. Kama jarida ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo ilitoa waraka kuhusu kuchezea marejeleo mwaka 2019, taratibu za malalamiko zipo. Lakini COPE hutaka uwe umemaliza kwanza njia za ndani za jarida. Hifadhi barua pepe zenyewe. Muhtasari wako wa kilichosemwa hautoshi.

Kwa wahariri: fomu ya mhakiki iwe na kisanduku cha lazima kwa kila rejeleo analopendekeza, aeleze linajaza pengo gani, na kingine aseme kama ni kazi yake mwenyewe. Kisanduku hicho cha pili peke yake kinaweza kupunguza maombi. Na maneno "soma matoleo yetu ya karibuni" yaondolewe kwenye maelekezo kwa waandishi. Hata yakiwekwa kwa nia njema, mkaguzi atayasoma kama ushahidi.

---

Mswada wa Tatu amerudi:

Shukrani kubwa. Mawili yamebaki. Tahariri ya mwisho wa mwaka inayopitia makala za mwaka huo, je, iachwe kabisa? Na kwa mwandishi mmoja mmoja, kujirejelea kunaathiri vipi fahirisi ya h? Kuna wasimamizi wanaowaambia wanafunzi wasijirejelee hata kidogo.

---

Kiasi na Asili amejibu:

Tahariri: kama makala unazozitaja ni za mwaka huo huo, hazigusi kipimo cha athari cha mwaka huo, kwa sababu dirisha linaangalia miaka miwili ya nyuma. Lakini tahariri ya Januari inayopitia mwaka uliopita inagusa, na CiteScore inaguswa na zote mbili. Njia rahisi ni kutaja makala kwa viungo vya kawaida ndani ya maandishi, bila kuziweka kwenye orodha rasmi ya marejeo. Msomaji anafika kule kule, hifadhidata haihesabu. Mhariri anayekataa njia hiyo amekwishatuambia tahariri yake ni ya nini.

Fahirisi ya h ya Hirsch (2005), yaani mtu ana h ya 12 akiwa na kazi 12 zilizorejelewa angalau mara 12 kila moja, ina udhaifu wa aina yake, kwa sababu marejeleo yanayoihamisha ni yale ya mpakani tu. Tuseme mtu ana h ya 12: kazi kumi na moja za juu zina marejeleo 13 au zaidi, ya kumi na mbili na ya kumi na tatu zina 12 kila moja. Makala moja mpya inayozirejelea zote mbili inampandisha hadi 13. Rejeleo la kazi yake yenye 90 lisingefanya chochote. Kwa hiyo anayechezea h hahitaji kujirejelea sana, anahitaji kulenga, na asilimia yake ya jumla itabaki ndogo.

Ukitaka kupima, fahamu kila chombo kinaondoa nini. Scopus inakuruhusu kuondoa marejeleo ya waandishi wote wa makala, wenza wakiwemo. Ripoti ya Web of Science, hifadhidata ya Clarivate, ina mstari wa "bila kujirejelea", lakini maana yake ni kuondoa makala zinazorejelea ambazo zenyewe zimo kwenye orodha uliyotafuta. Ukiweka kazi kumi tu za mtu badala ya zote, kujirejelea kutoka kwenye kazi zake nyingine kutahesabiwa kama kwa nje. Google Scholar haiondoi.

Kwa kiwango cha kawaida: orodha ya wanasayansi 100,000 hivi iliyotolewa na Ioannidis na wenzake mwaka 2019 ilikuwa na namba ya katikati ya asilimia 12.7, na watu wasiopungua 250 walikuwa wamepata zaidi ya nusu ya marejeleo yao kutoka kwao wenyewe au kwa waandishi wenza. Ukiwa kwenye 15 au 20 usianze kujitetea. Ukiwa kwenye 50, anza.

---

Barua kwa Mhariri amejibu:

Kuhusu wasimamizi hao: kukataza kabisa ni kosa la upande wa pili. Mwanafunzi anayetumia data au mbinu aliyokwisha kuichapisha asipoitaja, msomaji anadhani ni mpya, na mhakiki akija kuikuta atasema kafichwa. Mbinu iliyoelezwa kwa ukamilifu mahali pengine, seti ile ile ya data, matokeo ambayo makala mpya inayasahihisha: hayo *lazima* yarejelewe. Kipimo ni kufuta rejeleo kisha kuisoma sentensi. Ikibaki imesimama bila kukosa ushahidi, rejeleo lilikuwa pambo.

Kwenye uhakiki usiotaja majina, andika kwa nafsi ya tatu: "Njia hii ilielezwa na fulani (2021)", wala si "tulionyesha hapo awali". Kuweka "rejeleo limefichwa" mara saba kwenye orodha kunamtajia mhakiki mwandishi ni nani kuliko jina lenyewe.

---

Jedwali amejibu:

Nyongeza kwenye hesabu ya OpenAlex: kuanzia toleo la JCR la 2025, ambalo ndilo lenye namba za 2024, Clarivate haiingizi kwenye kiasi marejeleo yanayotoka kwenye makala zilizobatilishwa wala yanayokwenda kwao. Makala hizo bado zinahesabiwa kwenye asili. OpenAlex ina alama ya is_retracted kwa kila kazi, kwa hiyo chuja pande zote mbili za kiasi lakini usiziondoe chini. Kwa asili ya 80, makala moja iliyobatilishwa ikiwa na marejeleo 10 inatosha kukupotezea 0.1, na utabaki ukijiuliza kosa liko wapi kwenye lahajedwali.